Injini ya 109 imechoka: uifanyie ovahauli au uweke nyingine?

Kimya changu cha wiki sita hakikuwa cha kukosa hela ya kafe. Nilikuwa chini ya gari. Tangu nimalize fomu foo nimekuwa nawaletea hapa habari za mji, lakini safari hii nimekuwa saidia fundi: nashika tochi, naosha nati kwa mafuta ya taa, natumwa spea, natukanwa kidogo nikileta spana isiyo yenyewe. Gari ni Land Rover 109 pikapu ya baba mdogo, Series III ya mwaka 1978, ya petroli, inayoshusha ndizi na nanasi kutoka Kinole, milima ya Uluguru, kuja Moro mjini.

Ilizimika mlimani ikiwa na mzigo na abiria juu. Ndani ya siku mbili nyumbani kukawa na kambi mbili. Fundi anasema ishushwe, ifunguliwe, ifanyiwe ovahauli. Dalali mmoja wa Dar, rafiki wa shemeji, anasema hilo ni kopo tu, toa, weka 3L ya Toyota ya dizeli, usahau shida. Katikati yupo baba mdogo, ana hela ambayo nusu yake ni ada ya wadogo zangu wawili. Yaani akikosea, gari halipo na shule haipo.

Nilikaa kafe siku tatu nikitafuta maelezo ya Kiswahili ya jambo hili, sikupata kitu cha kueleweka. Ya Kiingereza yapo mengi, ila mengi ni ya Wazungu wenye gari la kutembelea Jumapili. Kwa hiyo naweka hapa niliyoyaona kwa macho yangu, pamoja na niliyofundishwa na fundi wetu, mzee wa miaka 60 na ushee aliyeanza kufungua injini hizi kabla sijazaliwa. Ni ndefu kidogo, mwenye dakika chache aprinti.

KWANZA JUA NI NINI KIMEIUA

Hapa ndipo wengi tunapokosea, na sisi tulikosea. Gari likizimika swali la kwanza huwa "nyingine bei gani?" badala ya "hii imekufa na nini?" Mzee alitukatisha wote pale gereji: "Mkiniletea injini mpya leo, nayo itakufa kabla ya Idi. Hamjui kilichoua hii."

Akaanza na rejeta. Akaitoa, akamimina maji, yakatoka kama uji wa ulezi. Akafungua kile kibomba cha kutolea maji ubavuni mwa bloki, hakikutoka kitu. Kavu. Akachokonoa kwa waya, likatoka tope gumu. Baadaye injini iliposhushwa tukang'oa vile vizibo vya bati vya duara vya ubavuni, tukakuta nyuma, usawa wa silinda ya nne, njia ya maji imejaa mchanga na kutu karibu yote. Nilikwangua kwa bisibisi asubuhi nzima nikajaza kopo la rangi.

Sababu? Miaka yote makonda wamekuwa wakiongeza maji ya mtoni kwa dumu. Mto wa Uluguru wakati wa mvua unaujua rangi yake. Halafu geji ya joto ilikufa zamani, hakuna aliyejali. Na kuna fundi mmoja huko nyuma aliwahi kutoa thamostati akaitupa, akisema ndiyo inayochemsha. Huu ugonjwa upo gereji nyingi. Kutoa thamostati hakuondoi tope kwenye bloki. Kinachotokea ni kwamba gari likishuka mlima injini inapoa kupita kiasi, inakula petroli na kusaga ringi, na likipanda linachemka vilevile.

Sasa fikiria tungefunga ile 3L kwenye rejeta ileile.

DALILI, BILA KUFUNGUA KITU

Moshi una lugha yake. Wa bluu ni oili inaungua. Ukitoka mfululizo gari likiwa linavuta mzigo, mara nyingi ni ringi na silinda. Ukitoka puu moja tu unapokanyaga mafuta baada ya kushuka mlima mrefu, shuku sili na gaidi za valvu, ambazo ni kazi ya hedi, si ya injini nzima. Mweupe unaoendelea hata injini ikiwa ya moto, na maji yanapungua, ni maji yanaingia ndani: gasketi, au hedi ina ufa. Mweusi ni petroli nyingi, angalia kabureta kabla hujamsingizia mtu pistoni. Nimeona mtu anataka kufanya ovahauli kwa sababu ya floti ya kabureta iliyotoboka.

Mlio nao usikilize. Kugonga kwepesi kwa haraka juu mara nyingi ni tapeti. Kwenye injini hii nafasi yake ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25, unarekebisha kwa bisibisi na spana. Kugonga kuzito kwa chini gari linapovuta ni beringi za konrodi au za krenki. Huo ukiusikia zima. Usiseme utafika nyumbani kwanza. Kila kilomita unayoongeza unaila krenki, na krenki ndiyo itakayoamua bei ya kila kitu.

Kisha kipimo cha kompresheni. Geji yake ni ya bei ndogo na fundi asiyekuwa nayo muulize anapimaje. Injini ipashwe moto kama inawaka, plagi zote nne zitolewe, waya wa koili uchomolewe, mtu akanyage mafuta mpaka chini, betri iwe nzima, piga stata mizunguko kama sita kwa kila silinda. Andika namba. Zetu zilikuwa hivi: 130, 125, 120, na ya nne 70. Kinachotafutwa zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Zikiwa zimepishana kidogo, tuseme sehemu moja ya kumi, hiyo injini bado inasemeka.

Halafu mwaga kijiko cha oili kwenye silinda iliyo chini, upime tena. Yetu ilipanda kutoka 70 mpaka 105. Maana yake oili imeziba penye ringi, kwa hiyo ringi na silinda ndiyo wabovu. Ingebaki 70, tungetafuta valvu. Na silinda mbili zinazopakana zikiwa chini zote, uwezekano mkubwa ni gasketi imeungua katikati yao. Kipimo hiki kinachukua nusu saa na kingeweza kutuokolea laki nne ambazo nitawaeleza sasa hivi.

LAKI NNE ZILIVYOKWENDA

Shemeji alisukuma sana, dalali akapiga simu kila siku, "injini zimebaki mbili, mteja kaja kutoka Singida." Baba mdogo akatuma kishika uchumba cha laki nne kabla hatujaiona. Wiki iliyofuata mimi na mzee tukapanda basi mpaka Dar, duka moja la injini za mtumba, jina nalihifadhi.

Injini ilikuwa imepakwa rangi ya fedha, inang'aa utadhani imetoka kiwandani juzi. Mzee hakuangalia rangi. Akaomba spana, akalegeza nati ya chini ya sampu taratibu, kidogo tu. Kilichotoka kwanza kilikuwa maji. Kama nusu glasi hivi, ya kahawia, ndipo ikaja oili. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo injini ikilala yanatulia chini kabisa. Akafungua mfuniko wa kujazia oili, ndani yake utando mweupe kama maziwa mgando. Akajaribu kuizungusha krenki kwa spana, ikakataa.

Muuzaji akasema ni mvua iliingia kwenye kontena. Huenda kweli. Lakini tulipodai hela yetu akatuonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: advansi hairudishwi. Hatukuwa na risiti yoyote zaidi ya ujumbe wa simu. Tukarudi Moro usiku, mzee kalala njia nzima, mimi sikulala. Ndiyo kuingizwa mjini huko, wadau.

Kwa hiyo ukienda kununua injini ya mtumba, Shaurimoyo, Gerezani, Kirinyaga Road Nairobi, popote, nenda na fundi wako na hela ibaki mfukoni. Izungushe kwa mkono mizunguko miwili kamili. Legeza nati ya sampu. Angalia oili kama ina vumbi la chuma linalometameta. Toa plagi, au plagi za moto kama ni ya dizeli, mulika ndani. Angalia hedi kama imewahi kuchomelewa. Omba iwashwe pale pale chini. Wauzaji wazuri wanawasha, wana betri na dumu la mafuta tayari. Kompresheni ya dizeli inapimwa kwa geji yake, ya petroli usiichomeke, inapasuka. Na angalia sehemu yenye namba ya injini: ikiwa imesagwa au imegongwa upya ondoka, hiyo si biashara, ni kesi.

BLOKI NA KRENKI NDIO MAHAKIMU

Tuliporudi mzee akashusha injini yetu. Niseme kidogo kuhusu injini yenyewe ili mwelewe kwa nini kesi haikuwa imekwisha.

Hii ya petroli ya 2.25, sisi 2286, Land Rover waliianza mwaka 1958 kwenye Series II na ikaendelea mpaka Series III inaisha mwaka 1985. Bloki ni chuma cha kalibu, hedi nayo chuma, valvu zinasukumwa kwa fimbo, taimingi ni cheni. Nguvu yake ni farasi 70 hivi, si kitu cha kujisifia. Silinda zimetobolewa moja kwa moja kwenye bloki, upana wa kiwandani milimita 90.47. Zikisagika unazikereza zikawa pana zaidi, unaweka pistoni kubwa. Saizi zinakwenda kwa sehemu za elfu za inchi: 10, 20, 30 na 40. Mafundi wanasema ten, twenti, teti, foti. Foti ikiisha bado unaweza kuvalisha sleevu, yaani silinda inatobolewa sana halafu inachomekwa bomba jipya la chuma, ukarudi saizi ya mwanzo. Krenki nayo ina saizi zake, ila yenyewe inapungua kila ikikerezwa, na beringi zinakuwa nene zaidi.

Unaona? Injini kama hii ilitengenezwa ifunguliwe. Swali ni imebakiza ngazi ngapi.

Pitisha ukucha juu kabisa ya silinda, pale ringi ya juu inapoishia. Ukikwama kwenye kidaraja, silinda imelika. Sisi kidaraja kilikuwepo zote nne, na ya nne ilikuwa na mistari ya wima unayoiona kwa macho, joto lilikausha oili pistoni ikakwaruza. Juu ya pistoni kuna namba imegongwa, tukasoma 20. Kumbe iliwahi kufunguliwa na mwenye gari wa kwanza. Krenki ikapelekwa karakana ya kukereza, ikapimwa kwa maikromita kila mguu sehemu mbili tofauti, ikakutwa ni 10 na inaweza kusafishwa ikawa 20. Bloki mzee aliisugua kwa waya, akaipaka mafuta ya taa, akaifuta kavu, akapaka chokaa. Palipo na ufa mafuta yanatokeza mstari kwenye chokaa. Tulisubiri wote pale kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Haukutokea mstari.

Kama ungetokea kati ya silinda na njia ya maji, mimi ningekuwa wa kwanza kusema toa hiyo. Au krenki ingekuwa foti tayari na imeungua. Au konrodi imetoboa ubavu wa bloki. Hapo ovahauli ni kumpaka wanja maiti.

HEDI MSIISAHAU

Nchi zetu ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na dunia nzima ilimalizika mwaka 2021 Algeria ilipoacha kuiuza. Kwa afya ni jambo zuri sana. Lakini ile risasi ilikuwa pia inakinga siti za valvu za ekzosi kwenye injini nyingi za zamani. Bila yake, gari linalobeba mzigo mzito kwa muda mrefu, valvu inaichimba siti kidogo kidogo, nafasi ya tapeti inapungua yenyewe, mwisho valvu haifungi vizuri na inaungua. Hivyo ukifungua injini ya miaka hiyo, hedi ikiwa karakana, waambie waweke siti ngumu za ekzosi, gaidi mpya, na wasawazishe uso wake. Hela ya ziada si kubwa ukilinganisha na kuishusha tena. Baba mdogo alitaka kuiruka hii, tukagombana kidogo, akakubali.

NA HUKO KUBADILISHA, HESABU YAKE IKOJE?

Sitaki mfikiri naponda 3L. Ni injini ya kazi, sisi 2779, mnaijua kwenye Hilux na Hiace, spea zake zipo mpaka vijijini. Na dizeli ina hoja. Ile 2.25 ya petroli inakwenda kilomita 5 au 6 kwa lita njia nzuri, mlimani chini ya hapo. Mtu anayetembea kila siku, njia ndefu, atairudisha hela yake. Baba mdogo anakwenda mara tatu kwa wiki. Tulipiga hesabu kwenye daftari, ingemchukua miaka.

Shida ni kwamba dalali anakutajia bei ya injini tu. Tuliandika vingine: pleti ya kuunganisha injini na gia boksi ya Land Rover, na hii lazima ichongwe na mtu anayejua, ikienda kombo kidogo inakula beringi ya gia boksi. Klachi inayolingana. Maunti mpya za kuchomelea kwenye chesisi. Rejeta, mipira ya maji, ekzosi. Filta ya dizeli na kusafisha tangi lote. Waya za plagi za moto. Mkanda wa taimingi, maana 3L haina cheni na hujui mkanda uliopo umetembea kilomita ngapi, badilisha kabla hujawasha. Tulipojumlisha, bei ya injini ilikuwa pungufu ya nusu ya hesabu yote.

Halafu kuna kinachofuata nyuma. Gia boksi ya Series III na hafushafti za difu ya kizamani ya Rover zilipimwa kwa farasi 70. Ukiongeza nguvu, na dereva akigundua ipo, kinachokatika kinahama. Wenye difu kubwa ya Salisbury nyuma wana nafuu. Wengine wanafunga na gia boksi ya Toyota kabisa, lakini hapo usipopanga vizuri unapoteza gia za chini na foo wili, na Kinole wakati wa masika bila foo wili unauza ndizi kwa nyani.

Njia ya katikati ipo na madalali hawaitaji kwa sababu haina faida kwao. Kuanzia mwaka 1980 hii 2.25 ilianza kutoka na beringi kuu tano kwenye krenki badala ya tatu. Mwaka 1985 ikaja 2.5 ya petroli kwenye 110, ambayo ni ukoo uleule, upana wa silinda uleule, ila mwendo wa pistoni umeongezwa kutoka milimita 88.9 mpaka 97. Ukipata nzima ya namna hiyo inaingia kwenye 109 bila kuchongachonga sana. Na ile 200Tdi ya dizeli yenye tabo inakubali gia boksi ya Series kwa kazi ndogo kuliko Toyota yoyote, ingawa ekzosi na mabomba yatakusumbua, na nguvu zake ndio zilezile za kukata hafushafti. Kama bloki yetu ingekutwa na ufa, ningeanza kutafuta 2.5.

Kitu kingine ni kadi. Kadi ya usajili ina namba ya chesisi na namba ya injini. Ukibadilisha injini hazifanani tena. Chukua risiti na hati za ile injini, nenda TRA uulize utaratibu wa kubadilisha kumbukumbu kabla hujaanza safari, si baada ya kusimamishwa Mikese. Siku ya kuuza gari pia mnunuzi mwenye akili anaangalia hapo kwanza.

Na kwa wale vijana wenzangu mnaokaa hapa kafe mnatazama Mustang na Camaro za miaka ya 60, huko Marekani swali hilihili wanalijibu kwa sababu tofauti. Magari yao mengi ya kuanzia mwaka 1968 yana kipande cha namba ya gari kimegongwa kwenye bloki. Camaro ya 1969 ikiwa na bloki yake ya kuzaliwa ina bei nyingine kabisa, kwa hiyo mwenye nayo atavalisha sleevu hata kwa gharama ya kununua injini mbili. Asiyejali hilo ananunua mpya ya kiwandani ikiwa ndani ya kreti, anafunga wikiendi. Kwetu hakuna anayelipa zaidi kwa sababu 109 ina bloki ya kuzaliwa. Tunaangalia kama inapanda.

TULIVYOFANYA

Ovahauli. Silinda zikapanda mpaka teti, kwa hiyo imebaki ngazi moja kabla ya sleevu. Pistoni na ringi mpya, krenki twenti na beringi zake, pampu mpya ya oili, cheni mpya, hedi kama nilivyosema. Rejeta ikafunguliwa juu na chini ikatobolewa kwa fimbo. Thamostati ikarudi. Geji ya joto ikafungwa mpya, mbele ya macho ya dereva.

Kazi niliyoichukia kuliko zote ndiyo mzee anayosema ni muhimu kuliko zote: kuosha. Bloki ikitoka kukerezwa ina vumbi la jiwe ambalo hulioni. Maji ya moto, sabuni ya unga, brashi, halafu njia zote za oili, kila tundu, mpaka kitambaa cheupe ukipitisha kwenye silinda kitoke cheupe. Mimi nilipitisha mara nane. Kisha unaipaka oili hapohapo, kutu haisubiri.

Siku ya kuwasha ilikuwa Jumamosi. Ilikataa mara mbili, waya wa plagi mbili ulikuwa umepishana, kosa langu. Ya tatu ikashika. Mzee hakuiacha inguruma sailensa saa nzima kama wengine wanavyofanya, alisema ringi mpya zinataka kazi ya wastani, si kulala. Ikatembea siku ileile taratibu, kasi ikipanda na kushuka, kisha hedi ikakazwa tena na tapeti zikapimwa upya. Oili ya kwanza kumwaga kwenye kilomita 800. Mzigo nusu kwa mwezi mmoja.

Baba mdogo alivumilia wiki mbili. Ya tatu nilimkuta sokoni anashusha mikungu mpaka juu ya kabini, nikamwambia, "Baba mdogo, tulikubaliana nusu." Akanijibu, "Hii ndiyo nusu, mwanangu, nyingine nimeiacha Kinole." Kwa heshima nikanyamaza, ila mzee nimemwambia.

Hesabu ya mwisho ilizidi tuliyopanga kwa sababu ya zile laki nne na hedi. Ada ya mdogo wangu mmoja imelipwa, ya wa pili imelipwa robo na shule imekubali kupokea iliyobaki kidogo kidogo. Kompresheni niliipima juzi, zote nne zipo kati ya 140 na 145, na dumu la maji ya mtoni nimelikata nikapandia mchicha.

Sasa nina swali langu kwenu. Kuna mdau yeyote aliyefunga 3L au 200Tdi kwenye 109 na akatembea nayo zaidi ya miaka miwili mlimani? Gia boksi ilikaaje? Andika hapo chini, taja na aina ya difu. Mzee hasomi mtandao lakini nitamprintia.